Aliyemnyima Hesabu Ni Mimi Mama Yake



Ninaandika haya nikiwa nimetoka zamu ya usiku. Viatu bado viko mlangoni na chai iko mezani. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya wilaya huku mkoani Njombe, na Jumapili najitolea katika huduma ya afya ya usharika wetu, tukiwapima wazee na akina mama shinikizo la damu baada ya ibada. Sikusomea uchumi. Elimu yangu ni stashahada ya uuguzi, nayo niliipata nikiwa tayari mama wa watoto wawili. Lakini kwa miaka mitatu sasa nimelazimika kujifunza ni mambo gani yanayotakiwa ili mtu apate shahada ya uzamili ya uchumi, na nimejifunza kwa uchungu. Nimeona niwashirikishe, maana najua wako akina mama wengi wenye mabinti walioko kidato cha pili na cha tatu. Huenda leo jioni wakaamua jambo mezani kwao bila kujua uzito wake, kama mimi nilivyofanya.

Fomu niliyoijaza mimi

Mwaka 2015 binti yangu wa kwanza alikuwa kidato cha nne. Siku moja alirudi nyumbani na fomu ya kuchagua tahasusi za kidato cha tano. Alikuwa amekwisha kuandika kwa penseli EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati. Alinipa niisome kabla hajaandika kwa kalamu ya wino.

Niliposoma neno Hisabati, moyo ulishtuka. Mimi niliogopa hesabu tangu nikiwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa wakati huo alikuwa akituita ubaoni mmoja mmoja, na aliyekosea alichapwa mbele ya wenzake. Nilichapwa mara nyingi kiasi kwamba hata leo nikisikia chaki ikikwaruza ubao nakunja vidole. Kidato cha nne nilipata F ya hesabu. Niliokolewa na Baiolojia na Kemia, nikaenda uuguzi.

Basi nikamwambia mwanangu, "Hesabu za kidato cha tano si mchezo. Wavulana wenyewe wanakimbia. Andika HGE, usome Historia, Jiografia na Uchumi. Uchumi si utakuwemo?" Aliniangalia, akasema, "Lakini mama, nimekuwa nikifaulu." Nikamjibu kwamba kufaulu kidato cha nne si kufaulu kidato cha sita, na kwamba nisingependa aje alie kama nilivyolia mimi. Nilidhani ninamhurumia. Nikachukua kifutio mwenyewe, nikafuta, nikamwandikia HGE kwa kalamu ya wino.

Baba yake alikuwa amekaa pale akisikiliza redio. Aliuliza tu, "Mna uhakika?" Nikasema ndiyo.

Mtoto alikwenda. Kidato cha sita alifaulu vizuri. Ilipofika wakati wa kuomba chuo, kwa kuwa alikuwa amekwisha kukaa mbali na hesabu miaka miwili, isipokuwa lile somo dogo wanaloliita BAM, aliogopa kuomba uchumi. Akaomba shahada ya maendeleo ya jamii. Alimaliza mwaka 2021 akiwa na wastani wa 3.7. Tukachinja kuku, tukamshukuru Mungu, nami nikajiona nilishauri vema.

Sensa ilivyomwamsha

Mwaka 2022 binti yangu alipata kazi ya ukarani wa Sensa ya Watu na Makazi. Kuanzia usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti alipita nyumba hadi nyumba na kishikwambi mkononi. Alirudi miguu imevimba, lakini macho yanang'aa. Kila jioni alikuwa na maswali. Kwa nini kijiji hiki kina viazi tele lakini nyumba ni za udongo, na kijiji cha jirani kina viazi vile vile na nyumba ni za bati? Kwa nini mama huyu ana ng'ombe wawili na bado mtoto wake ana utapiamlo? Akaniambia, "Mama, nataka kusoma uchumi. Si kwa ajili ya kufanya kazi benki. Nataka nijue kujibu maswali haya."

Mwaka 2023 aliomba nafasi ya shahada ya uzamili ya uchumi katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam. Hakupata. Maelezo yalikuwa mafupi na ya adabu: shahada yake ya kwanza haikuwa na hisabati na takwimu za kutosha.

Alinisomea ujumbe ule nikiwa jikoni nasonga ugali. Hakunilaumu. Alisema tu, "Ni hesabu, mama," kisha akatoka nje kuchota maji ambayo hayakuhitajika, maana ndoo zote zilikuwa zimejaa. Ndugu wasomaji, ningekuwa nimetukanwa ningeumia kidogo kuliko vile.

Karatasi ya mwalimu

Niliomba likizo ya siku saba. Tukapanda basi usiku, mimi na yeye, tukashuka Kitonga na kukata Mikumi hadi Dar es Salaam. Nilitaka nisikie kwa masikio yangu. Kwa rehema za Mungu tulipokelewa na mwalimu mmoja wa uchumi, mwanamke wa umri kama wangu. Alituweka chini, akasema, "Karibu, mama. Wazazi wengi huja hapa siku ya mahafali tu. Wewe umekuja mapema." Kisha akachukua karatasi na kuandika mambo matano. Karatasi ile ninayo mpaka leo ndani ya Biblia yangu. Nitawaeleza yaliyomo kama nilivyoyaelewa.

La kwanza ni shahada ya kwanza na daraja lake. Katika vyuo vyetu vingi wastani hupimwa hadi 5.0. Daraja la pili la chini huanza 2.7, na daraja la pili la juu huanza 3.5. Tangazo la chuo linaweza kusema mwombaji awe na 2.7 tu, lakini waombaji wakiwa wengi, mwenye 3.5 na kuendelea, tena aliyesoma uchumi wenyewe, ndiye anayesimama mbele. Binti yangu alikuwa na daraja zuri. Daraja halikuwa tatizo.

La pili ni hisabati. Hapa mwalimu alipiga mstari mara mbili. Alisema anayekuja kusoma uzamili wa uchumi anatarajiwa awe anajua kalkulasi, matrisi, na takwimu pamoja na elimu ya uwezekano. Watu hudhani uchumi ni kuzungumza habari za fedha na biashara. Katika ngazi ile sehemu kubwa ya mazungumzo hufanyika kwa alama za hesabu ubaoni, na mwalimu hana muda wa kurudi nyuma kumfundisha mtu mmoja.

La tatu ni masomo ya darasani. Kuna nguzo tatu: uchumi wa kaya na kampuni, yaani namna mtu mmoja mmoja na biashara wanavyoamua, uchumi wa taifa zima, yaani bei, ajira, kodi na mikopo, na mbinu za hesabu na takwimu, ambamo ndani yake mna ekonometria, elimu ya kupima mambo ya uchumi kwa takwimu. Baada ya nguzo hizo mwanafunzi huchagua masomo ya hiari, kwa mfano uchumi wa kilimo, wa kazi, wa mazingira, au uchumi wa afya. Niliposikia uchumi wa afya nilinyanyua kichwa.

La nne ni tasnifu. Mwanafunzi hutafuta swali lake, huandika pendekezo, hupewa msimamizi, hutafuta takwimu, hupima, huandika, na kazi yake husomwa na watahini, akiwemo wa kutoka nje ya chuo. Mwalimu alisema wengi hufaulu darasani halafu hukwama hapa, wakakaa miaka na kitabu kisichokwisha. Mara nyingi sababu ni swali kubwa mno, au msiba, au ujauzito, au ajira, au fedha kwisha.

La tano ni muda na fedha. Miezi 18 hadi 24 kwa anayekwenda vizuri, na ada, chumba, chakula, kompyuta na uchapaji juu yake. Alitushauri tuhesabu gharama yote kabla ya kuanza. Nikakumbuka mfano wa Bwana Yesu wa yule anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu. Hata pale, akina mama, ni hesabu.

Nilimwuliza yeye alipitia wapi. Akatueleza habari za taasisi ya AERC yenye makao Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1988. Zamani chuo kimoja cha Afrika hakikuwa na walimu wa kutosha wa kila tawi la uchumi, na waliotaka kuendelea ilibidi wengi waende ng'ambo. Mwaka 1993 ukaanza mpango wa pamoja wa uzamili, vyuo vikuu vya nchi mbalimbali vikishirikiana. Wanafunzi walisoma zile nguzo vyuoni kwao, kisha wakakusanywa Nairobi kwa masomo ya hiari. Yeye alikaa darasa moja na Waganda, Waethiopia, Wazambia na Waghana. Mwaka 2002 mpango kama huo ukaanzishwa kwa shahada ya uzamivu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa miongoni mwa vyuo vinavyofundisha. Kwa hiyo binti wa Njombe anaweza kufika juu kabisa bila kuvuka bahari.

Na anayetaka kuvuka? Alisema Uingereza uzamili kwa kawaida ni mwaka mmoja wa mbio, na tasnifu huandikwa miezi ya mwisho. Marekani mtu anaweza kuingia uzamivu wa uchumi bila kuwa na uzamili, lakini vyuo vingi hudai hisabati nzito zaidi, na vingi huangalia alama za mtihani uitwao GRE. Huchukua miaka mitano au sita: kama miaka miwili ya mwanzo ni darasa, kuna mtihani mkubwa ambao asiyefaulu anaweza kuondolewa, kisha utafiti. Jambo ambalo sikulijua ni hili: vyuo vikubwa vya Marekani kwa kawaida humlipia ada mwanafunzi wa uzamivu na kumpa posho, naye husaidia kufundisha. Hivyo mlango mwembamba wa huko mara nyingi ni hesabu kuliko fedha.

Habari ya Elinor Ostrom

Kabla hatujaaga, mwalimu alimgeukia binti yangu akamwambia asikate tamaa, akamsimulia habari ya mwanamke wa Marekani aitwaye Elinor Ostrom. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1933. Alipokuwa sekondari alishauriwa, kwa kuwa ni msichana, asiende mbali na hesabu, aishie aljebra na jiometri. Akafuata ushauri. Baadaye alipotaka kusoma uzamivu wa uchumi katika chuo kikuu cha UCLA, idara ya uchumi ilimkatisha tamaa, kwa kuwa hakuwa na hisabati. Akasoma sayansi ya siasa, akapata uzamivu mwaka 1965. Alitumia maisha yake kuchunguza jinsi wanakijiji na wavuvi wanavyotunza kwa pamoja maji, misitu, malisho na samaki. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Alifariki mwaka 2012.

Binti yangu alifurahi sana. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Yeye alikuwa akimwona Elinor Ostrom. Mimi nilikuwa namwona yule mtu wa pale shuleni aliyemshauri msichana aache hesabu. Huenda naye alikuwa mtu mwema. Huenda alidhani anamhurumia.

Usiku ule tulilala kwa shemeji yangu Mbagala. Joto lilikuwa kali, tukalala sebuleni chini ya feni. Nikamwambia mwanangu gizani, "Ile fomu niliifuta mimi. Nilikufundisha woga wangu. Unisamehe." Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mama, nilikukasirikia sana mwaka jana. Sikukwambia." Nikamwambia anieleze sasa. Akanieleza, na mengine yalikuwa machungu kusikia, nami nikayasikiliza bila kujitetea. Sisi akina mama wa kanisa tumezoea kuombewa msamaha na watoto. Kuomba sisi ni kazi.

Mwaka wa kujifunza upya

Usharikani kwetu yuko mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye hucheza kinanda siku za ibada. Tulimwomba, akakubali kumfundisha binti yangu mara tatu kwa juma sebuleni kwetu. Hakutaka fedha. Alitaka gunia la viazi kila mavuno, na chai yenye tangawizi.

Mwanzoni nilikuwa nikiondoka chumbani wanapoanza. Siku moja mzee aliniita. "Mama, njoo uone. Wewe hili unalijua." Alikuwa amechora mstari unaopanda. "Hii ni kadi ya kliniki ya mtoto," akasema. "Ukimpima mtoto, unaangalia nini?" Nikajibu kwamba siangalii uzito wa siku ile peke yake, naangalia mstari unaelekea wapi. Mtoto mwenye kilo chache ambaye mstari wake unapanda vizuri namruhusu aende nyumbani. Mtoto mnene ambaye mstari wake umelala kwa miezi miwili ndiye ananitia wasiwasi. Mzee akapiga meza. "Ndiyo hiyo kalkulasi! Kuuliza jambo linabadilika kwa kasi gani mahali lilipo sasa. Umeifanya maisha yako yote."

Wapendwa, nilikaa chini. Nilianza kukumbuka hesabu ninazozifanya kila zamu bila kuziita hesabu. Chupa ya maji ya mililita 1000 iishe kwa saa 8, mrija unatoa matone 20 kwa kila mililita: ni matone 42 kwa dakika. Dawa ya mtoto kwa kilo zake. Siku za mimba kutoka hedhi ya mwisho. Tangu jioni ile nilikaa nao nikisuka kikapu. Sikuelewa yote, lakini nilipoteza ule woga, na naamini binti yangu aliuona ukiondoka.

Maneno ya watu hayakukosekana. Wifi yangu alikuja akasema, "Wifi, huyu mtoto ana miaka ishirini na mitano. Atazeekea darasani. Mwanamume gani ataoa vitabu?" Mume wangu, ambaye mwaka 2015 aliuliza tu kama tuna uhakika, safari hii alizima redio. Alisema, "Dada, safari iliyopita niliuliza swali halafu nikanyamaza. Safari hii sinyamazi. Mtoto asome."

Mwaka 2024 aliomba tena, akiwa na cheti cha kozi fupi ya hisabati na takwimu aliyoifanya. Akaitwa. Fedha zilitoka katika viazi, katika mkopo wa VICOBA ambao bado naulipa, na katika akiba yake ya sensa. Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Muhula wa kwanza alinipigia simu saa nane za usiku akilia kwamba wenzake wanaelewa na yeye haelewi. Nilikuwa zamu. Nikamwambia, "Mstari wako unapanda, mwanangu. Usitazame uzito wa leo." Somo la ekonometria alilifaulu kwa C. Nililia kwa furaha kwa C ile kuliko kwa A za wengine.

Swali la kadi

Sasa yumo katika tasnifu. Alichagua uchumi wa afya. Anatumia takwimu za utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria. Alinipigia akiwa na shauku. "Mama, wenye bima ya afya wanajifungulia kituoni zaidi kuliko wasio nayo. Kwa hiyo bima inafanya kazi!"

Nilifikiria kwanza. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi. Nilikumbuka CHF iliyoboreshwa iliposambazwa kuanzia mwaka 2018, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na ni nani waliokuja kujiandikisha. Nikamwambia, "Mwanangu, huku kwetu wenye kadi wengi ni wake wa watumishi, na wao wenyewe wamesoma, na wanakaa karibu na barabara ya lami. Hao wangekuja kujifungulia hospitali hata bila kadi. Wa kule mlimani ukimpa kadi leo, uchungu ukimshika usiku gari liko wapi? Na wengine hujiunga kwa sababu tayari wanaumwa. Sasa utajuaje kama ni kadi au ni mambo mengine?"

Simu ilikaa kimya hata nikadhani imekatika. Kisha akasema, "Mama, rudia tena pole pole, naandika."

Msimamizi wake alimwambia kwamba hilo ndilo swali lenyewe la tasnifu, na kwamba ekonometria yote aliyoteseka nayo ipo kwa ajili ya kujaribu kutenganisha kadi na hayo mambo mengine. Sura ya tatu imerudishwa mara mbili isahihishwe. Bado hajamaliza, wala sijui ataitwa lini kuitetea. Lakini ninajua kwamba pale Dar es Salaam kuna ukurasa mmoja ambao umetoka wodini kwetu.

Neno kwa akina mama

Mpenzi msomaji, kama una mtoto anayesema anataka kusoma uchumi, usianze kuuliza ada ya chuo. Anza kuuliza daftari lake la hesabu liko wapi. Shahada ya uzamili inaombwa mtu akiwa na miaka ishirini na kitu, lakini mlango wake huanza kufungwa kidato cha nne, siku ya fomu. Samaki mkunje angali mbichi. Aliyesoma hesabu anaweza baadaye kuchagua historia au ualimu wa dini kama akipenda. Aliyeziacha hurudi kwa shida, kama mwanangu, kwa mwaka mzima na magunia ya viazi. Na kama mlango ulikwisha kufungwa, usimwambie mtoto basi. Mtafute mwalimu mstaafu aliye jirani yako. Pia mwulize mtoto anayefika chuo achukue masomo ya takwimu hata kama shahada yake haiyalazimishi.

Na wewe mwenyewe chunguza ushauri unaompa binti yako, kama ni hekima au ni kovu lako la zamani.

Mdogo wake yuko kidato cha pili. Juma lililopita alileta mtihani wa hesabu, alama 38 kwa 100. Nilihisi lile neno la zamani likipanda kooni. Nikalimeza. Nikavuta kiti, nikamwambia, "Lete kalamu. Tuanze na swali ulilokosa la kwanza." Tulikaa hadi saa nne usiku. Swali la tatu lilitushinda wote wawili, na kesho jioni tutakwenda kumwuliza mzee wa kinanda.